Mto mlangoni, ndoo kichwani

Ndugu msikilizaji, wengi wetu tulilisikia jina la Kitaya kwa mara ya kwanza katika habari za Oktoba 2020, kijiji hicho cha mpakani, mkoani Mtwara, kiliposhambuliwa na watu wenye silaha waliotokea Msumbiji. Watu waliuawa, nyumba zikachomwa moto, na jina la Kitaya likasomwa redioni siku kadhaa mfululizo. Kisha likanyamaza. Leo nalirudia, lakini si kwa habari ya bunduki. Nataka tuzungumze jambo lililokuwapo hapo zamani sana kabla ya shambulio hilo, jambo lisilopewa kichwa cha habari kwa sababu hutokea kila siku alfajiri. Nasema habari ya maji ya nyumbani.

Kitaya iko kando ya Mto Ruvuma. Mto huu huanzia katika milima ya Matogoro karibu na Songea, ukasafiri kilomita 800 hivi, sehemu kubwa ya safari hiyo ukiwa ndio mpaka wetu na Msumbiji, hadi unapoingia Bahari ya Hindi kusini ya Mtwara. Ni miongoni mwa mito mikubwa ya nchi hii. Hata hivyo, kwa vizazi na vizazi watu wa kando yake wamechota kwa ndoo, masika wakipata maji yenye tope, na mwaka mzima wakiwaangalia mamba. Na huko Mtwara mjini, mji uliokua haraka, watu wamepanga madumu na ndoo wakingojea zamu ya mtaa wao kufunguliwa maji. Wahenga walisema, penye miti hapana wajenzi. Katika kona hii ya kusini tunaweza kusema, penye mto hapana bomba.

Imekuwaje hata ikawa hivyo? Wengine husema ni umaskini, wengine husema ni kusahauliwa. Yote mawili yamo. Lakini historia ya maji kusini inatuonyesha jambo la tatu, nalo ndilo ninalotaka kulifikisha kwenu leo: kwa zaidi ya miaka 100 maji ya huku yamehesabiwa kwanza kwa ajili ya boma, kisha jeshi, kisha bandari, kisha kiwanda. Nyumba imekuja mwisho. Na hata ilipohesabiwa, ilihesabiwa vibaya, kwani waliopanga walihesabu vichwa vya watu, wakasahau kuhesabu safari za ndoo zilizobebwa juu ya vichwa hivyo.

Tuanzie juu ya uwanda wa Makonde, maana huko ndiko mambo yalikoonekana waziwazi mapema. Uwanda huo umeinuka kati ya pwani na bonde la Ruvuma. Udongo wake ni wa kichanga. Mvua ikinyesha, maji huzama chini na kutokea tena kwenye chemchemi zilizoko mabondeni, chini ya miteremko mikali. Wazee waliishi juu kwa sababu kichaka kizito cha huko kiliwaficha na wavamizi na wafanya biashara ya watumwa. Usalama ulikuwa juu, maji yalikuwa chini, na kati ya usalama na maji alikuwapo mwanamke na mtungi wake. Mwaka 1906 mtaalamu wa Kijerumani aitwaye Karl Weule alikaa Newala kuchunguza maisha ya watu, na miongoni mwa mambo aliyoyaandika ni jinsi maji yalivyokuwa mbali na makazi ya watu.

Kilichokuwa taabu ya kila siku ya akina mama kiligeuka kuwa jambo la kijeshi miaka 10 baadaye. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imefika kwetu. Septemba 1916 majeshi ya Wareno yalivuka Ruvuma kuingia katika ardhi iliyokuwa ya Wajerumani, na mwishoni mwa Oktoba yakaliteka boma la Newala. Boma lilikuwa imara na lilikaa mahali pa juu pazuri. Lakini maji yake yalikuwa bondeni. Wajerumani na askari wao wakalizingira, wakakishika chanzo cha maji, na usiku mmoja mwishoni mwa Novemba Wareno wakaliacha boma na kurudi kuelekea mtoni. Basi majemadari walijifunza kwa wiki chache lile ambalo kila bibi wa Kimakonde alilijua tangu utotoni: kwamba nyumba isiyo na maji karibu si nyumba, ni kambi ya muda.

Iliwachukua watawala karibu miaka 40 kulitendea kazi fundisho hilo. Katika miaka ya 1950 likaundwa Shirika la Maji la Makonde. Mitambo ikafungwa bondeni, maji ya chemchemi yakasukumwa kwa pampu hadi juu ya uwanda, yakagawiwa kwa mabomba kwenye vituo vya kuuzia. Kipimo kilikuwa debe. Vijana wa leo pengine wanaliona debe kama kipimo cha mahindi tu, lakini asili yake ni bati la mafuta ya taa, lenye kuingiza galoni nne, yaani lita 18 hivi. Mradi ule ulikuwa mkubwa kwa zama zake, na ulileta nafuu ambayo wazee wa Newala hawakuisahau. Lakini ulileta pia swali jipya. Chemchemi ya bondeni haikudai senti, ilidai miguu. Bomba la juu halikudai miguu, lilidai senti. Mwenye fedha alinunua debe. Asiye nazo alishuka bondeni kama mama yake alivyofanya. Maji yalikuwa yamefika karibu, lakini hayakuwa yamemfikia kila mtu.

Sasa tushuke pwani. Wakati huohuo mji mpya ulikuwa ukijengwa penye ghuba yenye kina kirefu, karibu na mji mkongwe wa Mikindani. Mtwara ya leo ni mtoto wa karanga. Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali ya Uingereza ilikata shauri kulima karanga kwa mamilioni ya ekari Tanganyika, ili Waingereza wapate mafuta ya kupikia. Kongwa, Urambo na Nachingwea zikachaguliwa, na Mtwara ikapewa kazi ya kuwa bandari ya kusafirishia mazao ya kusini. Mpango ukaanza mwaka 1947, ukala paundi milioni 36 hivi, na mwanzoni mwa 1951 serikali hiyo ikatangaza kuuacha. Karanga hazikuonekana. Bandari ilifunguliwa mwaka 1954, na reli ya kwenda Nachingwea ikang'olewa katika miaka ya 1960 baada ya kukosa mizigo. Kilichobaki ni barabara pana zilizonyooka, viwanja vikubwa, na ramani ya mji uliotarajiwa kuwa mkubwa mno kuliko watu waliokuwapo.

Na maji ya mji huo? Kama miji mingine ya Tanganyika, yalipangwa kwa ngazi. Uzunguni bomba liliingia ndani ya nyumba, jikoni na bafuni. Uhindini lilifika nyumbani au uani. Uswahilini palikuwa na bomba moja la mtaa, na foleni yake. Ukiuliza ni kwa nini, ungejibiwa kwamba Mwafrika hutumia maji kidogo. Ndugu msikilizaji, hebu tulitazame vizuri jibu hilo, maana limeishi muda mrefu kuliko ukoloni wenyewe. Mtu aliyepewa bomba moja kwa mtaa mzima hutumia maji kidogo kwa sababu ameyabeba. Mpangaji akija na daftari lake huandika kwamba watu hawa mahitaji yao ni ndoo mbili tatu. Kisha mpango unaofuata hujengwa juu ya ndoo hizo mbili tatu. Uhaba unakuwa ndio kipimo cha haja.

Tulipopata uhuru tulijaribu kulivunja daftari hilo. Mwaka 1971 serikali ilianzisha mpango wa miaka 20 wa maji vijijini, lengo likiwa kwamba kufikia 1991 kila mwananchi apate maji safi umbali usiozidi mita 400 kutoka nyumbani kwake. Malipo ya maji vijijini yakaondolewa. Maji yakawa huduma ya bure kama shule na zahanati. Katika mikoa ya Mtwara na Lindi nchi ya Finland ilikuja kusaidia, na tangu miaka ya 1970 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990 wataalamu wake na wetu walichimba visima vifupi na kuvifunga pampu za mkono katika vijiji vingi. Wengi waliokulia kusini wanazikumbuka pampu za Nira, mpini ukipanda na kushuka, watoto wakipokezana.

Nia ilikuwa njema, na si haki kuidharau. Lakini mambo matatu yaliikwaza. La kwanza, katikati ya miaka ya 1970 operesheni ya vijiji iliwahamishia watu barabarani, na mara nyingine kijiji kilitangulia, maji yakaahidiwa kufuata. La pili, mwishoni mwa miaka ya 1970 na katika miaka ya 1980 nchi ilikosa fedha za kigeni; dizeli ikawa adimu, vipuri vikawa adimu zaidi, na pampu iliyokatika kidude kidogo iliweza kukaa miezi ikingoja. La tatu, kitu cha serikali kilikosa mwenyewe kijijini. Mwaka 1991 ulifika, lengo halikufikiwa, na sera mpya ya maji ya mwaka huo ikalisogeza mbele hadi 2002 na kuwataka wananchi wachangie.

Hapa pana jambo ambalo halikuzungumzwa sana wakati ule. Tuseme lengo la mita 400 lingetimia kila mahali. Je, lingetosha? Tupige hesabu ya darasa la nne. Nyumba ina watu sita, kila mmoja anatumia lita 20 kwa siku. Hizo ni lita 120, yaani ndoo sita za lita 20. Kwenda na kurudi ni mita 800. Safari sita ni karibu kilomita tano kwa siku, nusu yake ukiwa na kilo 20 kichwani. Na hapo hatujahesabu foleni. Nyumba hiyo ikitaka lita 66 kwa kila mtu, itahitaji ndoo 20 na mwendo wa kilomita 16. Hakuna mama atakayefanya hivyo, wala mabinti zake watatu. Watapunguza maji. Watafua mara moja kwa wiki, watamwogesha mtoto kwa kopo, na mikono itanawiwa kwa tahadhari. Halafu zahanati itaandika kwamba kijiji kina kuhara.

Hizo lita 66 sikuzibuni. Kati ya 1966 na 1968 watafiti Gilbert White, David Bradley na Anne White walichunguza matumizi ya maji majumbani katika sehemu mbalimbali za Kenya, Uganda na Tanzania, Dar es Salaam ikiwamo, wakatoa kitabu mwaka 1972. Miaka 30 baadaye, mwaka 1997, watafiti wengine walirudi katika sehemu zile zile. Mara ya kwanza nyumba zisizo na bomba zilitumia wastani wa lita 11 kwa mtu kwa siku, na zenye bomba lita 128. Mara ya pili, zisizo na bomba zilipanda hadi karibu lita 20, lakini zenye bomba zilianguka hadi lita 66. Kwa maneno mengine, mwenye bomba wa 1997 alikuwa akipata nusu tu ya alichopata mwenziwe wa miaka ya 1960. Kwa nini? Kwa sababu miji ilikua, mabomba yakabaki yale yale, yakazeeka na kuvuja, na maji yakawa ya zamu.

Sasa tuuweke mji wa Mtwara juu ya mizani hiyo. Katika hesabu ya watu ya 1967 mji ulikuwa na watu zaidi kidogo ya 20,000. Wakitumia lita 20 kila mmoja, ni lita 400,000 kwa siku. Sensa ya 2022 iliikuta Manispaa ya Mtwara Mikindani ina watu zaidi ya 146,000. Wakitumia lita 66, ni zaidi ya lita milioni tisa na nusu. Watu wameongezeka mara saba. Maji yameongezeka mara 24. Huu ni mfano wa hesabu tu, lakini unaonyesha siri ya mji unaokua. Kila nyumba inayohama kutoka kwenye ndoo na kuingia kwenye bomba huongeza haja yake bila kuongeza hata mtoto mmoja. Anayehesabu vichwa peke yake atachelewa daima.

Na Mtwara imekua kwa mbio. Gesi iliyogunduliwa Mnazi Bay mwaka 1982 ilikaa ardhini miaka mingi, kisha katika miaka ya 2000 ikaanza kuzalisha umeme wa kusini. Mwaka 2013 mji ulitikiswa na ghasia juu ya bomba la kupeleka gesi Dar es Salaam, bomba ambalo lilikamilika 2015. Mwaka huohuo kiwanda kikubwa cha saruji cha Dangote kikafunguliwa. Kati ya sensa ya 2002 na ile ya 2012 mji uliongeza watu kama 16,000 tu. Kati ya 2012 na 2022 uliongeza zaidi ya 38,000. Vyumba vya kupanga vikajengwa Magomeni, Chikongola na pembezoni mwa mji. Nyumba ya vyumba sita, wapangaji sita, choo kimoja, koki moja uani: hiyo ndiyo familia mpya ya mjini, na hiyo ndiyo haja mpya ya maji.

Mji umeitegemea zaidi visima virefu, vikiwamo vya Mtawanya. Visima vya pwani vina tabia yake. Ukivuta kwa pupa, maji ya bahari husogea chini kwa chini na kuyatia chumvi maji yako. Kwa hiyo huwezi kujibu kila ongezeko la watu kwa kuchimba shimo jingine karibu na la jana. Sheria iliyorekebishwa mwaka 1997 iliruhusu miji kuwa na mamlaka zake za maji, ndipo ikazaliwa Mamlaka ya Maji Mtwara, inayojulikana kwa ufupi kama MTUWASA. Ikawa ni zama za dira na ankara. Mwenye bomba akawa mteja.

Jambo hilo lina haki yake. Pampu haiendi kwa hotuba. Umeme hulipiwa, dawa ya kutibu maji hununuliwa, fundi hula. Lakini tukumbuke debe la Newala. Uniti moja ya maji ni lita 1,000, yaani ndoo 50. Mwenye dira hulipa kwa uniti. Asiye na dira hununua kwa ndoo, kwa jirani au kwa mwenye mkokoteni. Tuseme ndoo moja ni shilingi 50. Uniti yake ni shilingi 2,500. Ikiwa shilingi 100, uniti ni 5,000. Piga hesabu ya ndoo unayonunua wewe, kisha uilinganishe na ankara ya mwenye nyumba yenye bomba. Mara nyingi utakuta maskini ndiye anayelipa bei ya juu, kwa maji machache, baada ya kungoja zaidi. Kwa hiyo akikataa kuunganishiwa bomba si kwamba hataki kulipa. Analipa kila siku. Kinachomshinda ni ile fedha ya mkupuo ya kuunganisha.

Ndiyo maana macho ya mji yakageukia Ruvuma. Katika miaka ya 2010 ulitangazwa mpango wa kuyavuta maji ya mto huo hadi Mtwara, pamoja na vijiji vya njiani. Watu walishangilia, kisha wakangoja. Miaka ilipita na bomba halijalazwa. Fedha kubwa za namna hiyo hutoka kwa mikopo ya nje, na mkopo una mwendo wake. Wakati huohuo uwanda wa Makonde uliingizwa katika mradi wa maji wa miji 28 kwa mkopo wa India, ili ule mfumo wa miaka ya 1950 upate nguvu mpya. Hayo ni mambo ya kupongezwa.

Lakini mto si tenki. Mwaka 1861 David Livingstone aliingia Ruvuma kwa meli yake iitwayo Pioneer, akidhani amepata njia ya kwenda bara. Hakufika mbali, maji yalikuwa yakipungua na mchanga ukijitokeza, akageuza. Alirudi 1862 kwa mashua, akakuta mambo yale yale. Ruvuma hujaa hadi kutisha, kisha hupungua na kuhama kati ya mafungu ya mchanga. Anayejenga kituo cha kuvutia maji ni lazima ajue kwamba mto unaweza kukihama kituo chake, na kwamba tope la masika linataka machujio ya gharama. Tena mto ni wa nchi mbili. Mwaka 2006 Tanzania na Msumbiji zilikubaliana kuunda tume ya pamoja ya maji ya Ruvuma, na upande wetu bonde hilo lina bodi yake yenye makao Mtwara. Kuchota kwa ndoo hakuhitaji mkataba. Kuvuta kwa bomba kubwa kunahitaji.

Na sasa nafika Kitaya, nilikoanzia. Bomba kubwa likitoka mtoni kwenda mjini, litawapita watu. Swali ni litawapitaje. Wenzetu wa Kenya wana mfano wa kutupa tahadhari. Tangu mwaka 1957 mji wa Mombasa umenywa maji ya chemchemi za Mzima, yanayosafiri zaidi ya kilomita 200 kutoka Tsavo. Kwa miaka mingi watu wa Taita Taveta wamelalamika kwamba maji yanatoka kwao, bomba linapita kwao, nao wana kiu. Upande wetu upo mfano wa kutupa moyo. Mradi wa Ziwa Victoria uliozinduliwa 2009, kutoka Ihelele kwenda Shinyanga na Kahama, ulihesabu pia vijiji vilivyo kando ya bomba. Wanakijiji wa huko wana haki ya kusema bomba lile ni lao pia, na mtu halitoboi bomba lake.

Wapo watakaosema: mjini kuna watu wengi na viwanda, kijijini watu wachache; fedha iende penye wengi. Hoja hiyo ina nguvu kwenye karatasi. Lakini kijiji kilicho karibu na chanzo ndicho rahisi kuliko vyote kukifikishia maji, na ndicho mlinzi wa chanzo chenyewe. Kingo zikilimwa hadi majini, kichaka kikikatwa chote, tope litakalofika kwenye machujio ya mji litakuwa na bei. Zaidi ya hayo, watu wa Kitaya na vijiji jirani wamelipa kwa kuwa mpakani kile ambacho sisi wa mijini hatukulipa. Mama anayekwenda mtoni alfajiri ana mamba wa kumwogopa mbele, na tangu 2020 ana kumbukumbu ya kumwogopesha nyuma. Koki kijijini kwake ingekuwa ni ulinzi pia.

Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, ninapendekeza hesabu ya namna nyingine. Kabla ya kuuliza mji una watu wangapi, tuulize nyumba ngapi zinachota kwa ndoo, ndoo ngapi, kutoka wapi, kwa bei gani, na nani anabeba. Afisa mipango alipe swali hilo siku mbili tatu za kukaa penye foleni. Gharama ya kuunganisha bomba ilipwe kidogo kidogo ndani ya ankara. Maji yanayovuja barabarani yazibwe kabla ya kukopa ya mbali, kwani ndoo iliyotoboka haijai hata uipeleke Ruvuma. Na mchoro wa bomba la mtoni, siku utakapotolewa, uanze na koki za vijiji vya mtoni ukurasa wa kwanza, si katika nyongeza ya mwisho.

Majemadari wa 1916 waliachia boma kwa sababu hawakuhesabu chemchemi. Wakubwa wa karanga walijenga mji kabla ya kujua ni nani atakayeishi humo. Sisi tuliahidi mita 400 tukasahau kwamba mita 400 mara sita, na kurudi, ni safari. Kila mmoja alikosea hesabu, na deni likaenda kulipwa na shingo ya mwanamke mmoja asiyeandikwa popote. Wewe unayenisikiliza mjini, jioni ya leo utakapofungua koki, au utakapopanga dumu lako kwenye foleni, hesabu ndoo ulizotumia. Kisha jiulize ungetumia ngapi kama ungezibeba kutoka mtoni.

Hadi wiki ijayo, nawatakia jioni njema.